Mikia ya Maneno Dukani kwa Fundi Godoro

Sentensi ya kumi na nne katika orodha yangu ilisema: Mwanamke alinunua asali. Ilikuwa na mtu, ilikuwa na kitendo, ilikuwa na kitu kilichotendwa, na kwa wiki tatu haikunipa amani.

Niliisoma kwa Kiswahili, polepole, daftari likiwa tayari gotini na penseli imechongwa. Fundi aliendelea kushindilia sufi ndani ya kitambaa cha godoro kwa ngumi, kama mtu anayekanda unga wa mkate.

“Mwanamke gani?” akauliza.

“Yeyote, mzee. Mwanamke tu.”

“Na nani kauliza?”

“Hakuna aliyeuliza. Hii ni sentensi.”

Akainua kichwa. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa sufi, ingawa hakuwa mzee wa kiasi hicho. “Hakuna aliyeuliza,” akasema, “na wewe unataka nijibu.”

Mwishowe aliisema, kwa lugha ya kwao, haraka, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili aondoke. Nikaandika. Nilipotazama nilichoandika nikaona kwamba neno la mwanamke lilikuwa limeota silabi mkiani ambayo Jumatatu halikuwa nayo. Jumatatu silabi hiyo ilikuwa imekaa kwenye asali. Na Jumamosi ya wiki iliyotangulia haikuwa kwa mwanamke wala kwa asali.

Sasa nieleze nilifikaje pale, maana watu wengi wa mtaa wetu wa Ngamiani walijiuliza hivyo hivyo, na baadhi yao waliniuliza usoni.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo cha Uganda, nimemaliza masomo, nina cheti ndani ya bahasha ya kaki ambayo mama aliiweka chini ya msahafu. Mwalimu wangu mmoja pale chuoni, Mzungu mrefu mwenye kikohozi, alikuwa anachunguza lugha za watu wa bonde la mto Omo, kusini magharibi mwa Uhabeshi. Alikuwa amesikia kwamba Tanga yupo mtu wa huko. Akanipa orodha ya sentensi mia mbili, furushi la kadi nyeupe na maagizo. Sentensi moja, kadi moja. Kadi zote zipangwe kwa alfabeti, kwa jina la kwanza lililomo. Angeshuka kwa treni hadi Tanga kupanda meli ya kwenda kwao likizo, na siku hiyo angeitazama kazi yangu. Ikimridhisha, nafasi ya msaidizi wake ilikuwa yangu. Isipomridhisha, mjomba alikwisha kunisemea katika ofisi ya shamba la mkonge upande wa Pongwe, ambako walihitaji karani wa kuandika majina ya vibarua asubuhi na kuyaandika tena jioni.

Mama hakuona tofauti yoyote kati ya kazi hizo mbili. “Huku unaandika na huku unaandika,” alisema. “Tofauti ni kwamba Pongwe utapewa baiskeli.”

Mimi niliiona tofauti. Niliiona nikila, niliiona nikioga. Niliwazia mstari wa majina ya vibarua ukishuka ukurasa baada ya ukurasa mpaka nywele zangu ziwe mvi, kisha nikawazia kwamba pengine hata hiyo kazi singeiweza.

Fundi mwenyewe alikuwa amefika kwetu kwa njia ndefu. Waitaliano walimchukua akiwa kijana kuongoza nyumbu wao wa mizigo vitani, Waingereza wakamkamata pamoja na nyumbu, wakamshusha Kenya. Vita vilipokwisha hakurudi. Alivuka hadi Tanga, akakata mkonge, akachoka nao, akajifunza kushona magodoro, akaoa mwanamke wa Kidigo. Tangu nipate akili mimi, hakuna aliyemwita Mhabeshi tena. Alikuwa Fundi Godoro, na Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko changu. Kwa lugha ya kwao alizungumza na mimi tu, na mimi nilikuwa simwelewi.

Basi, hiyo mikia.

Kwanza nilidhani ni mambo ya kike na kiume, nikatumia siku mbili kuzigawa sentensi. Mwanamke alikuwa na mkia Alhamisi na hakuwa nao Jumatatu, na sikuamini kwamba alibadilika katikati. Kisha nikadhani ni umoja na wingi. Kisha nikadhani ni heshima, kwamba fundi anamwekea mtu mkia akimheshimu, lakini siku moja mbwa alipata mkia wa maneno pamoja na ule wake wa kuzaliwa, na mfalme hakupata kitu. Niliandika hata hali ya hewa pembeni ya ukurasa. Sijivunii jambo hilo. Ilikuwa masika, na kwa muda wa asubuhi nzima niliamini kwamba mikia huongezeka mvua ikinyesha.

“Mzee,” nilimwambia, “jana ulisema hivi. Leo unasema hivi. Ipi ni sahihi?”

“Zote.”

“Haziwezi kuwa sahihi zote.”

“Jana ilikuwa jana,” akasema, na kuuvuta uzi wa katani mpaka ukalia.

Wateja walikuwa wanapenda kuniona pale. Mama mmoja aliyekuja kufuata mto wake alisimama kunitazama nikiandika, akamuuliza fundi kama mimi ni mgonjwa. “Hapana,” fundi akasema, “ni msomi.” Yule mama akasema pole, na sikujua alimwambia nani kati yetu.

Kitu kimoja niliweza kukifanya vizuri, nacho ni unadhifu. Daftari nililokuwa nikiandikia dukani lilikuwa aibu tupu: madoa ya chai, sufi zilizonata kwenye kurasa, mishale, maneno ya wateja yaliyoingia katikati ya sentensi kwa sababu mkono wangu ulikuwa hausimami kwa wakati. Niliona haya mwalimu wangu alitazame. Kwa hiyo nikanakili kila sentensi, kila iliposemwa, kwenye kadi yake, kwa mwandiko wa shule, nikazipanga kadi kwa alfabeti ndani ya sanduku la viatu. Nikazipanga mara ya pili nihakikishe. Kisha nikalichana lile daftari, nikampa mama awashie mkaa. Niliona nimefanya jambo la mtu mzima.

Siku kumi kabla ya meli nilikuwa nyumbani na sanduku langu mbele yangu, nikizitoa kadi za asali na kuzirudisha. Mama alikuwa anakuna nazi uani. Nikawaza: labda fundi ni mtu wa ajabu, labda mtu wa kawaida hawezi kunisumbua hivi. Nimjaribu mama.

“Mama, sema: mwanamke alinunua nazi.”

“Nani?”

“Mwanamke. Sema tu.”

“Nazi hizi umenunua wewe.”

“Najua, mama. Ni mfano.”

“Mfano wa nini? Nazi umenunua wewe, na moja imeoza. Mimi nimenunua dagaa. Watu wakikusikia watasema nimekutuma halafu nakusingizia.” Mbuzi ya nazi ikaendelea kukwaruza. “Ukitaka kujua nani kanunua nini, uliza. Usinipe maneno mdomoni kama mtoto.”

Niliishika kadi ya asali bila kuirudisha, hata mama akaacha kukuna, akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Tumbo halikuniuma. Nilikuwa nimekumbuka Alhamisi ile ya mkia wa mwanamke. Mteja mmoja alikuwa ameingia dukani, akaona chungu cha asali dirishani, akauliza nani kainunua asali yote hiyo. Fundi alicheka, na ndipo nilipomsukuma aseme sentensi yangu. Akaisema, na mkia ukakaa kwa mwanamke. Fundi hakuwa anasema sentensi yangu hata kidogo. Alikuwa anamjibu mteja. Huyo mwanamke ndiye aliyekuwa anatafutwa, na silabi ilikwenda kumwonyesha. Na Jumatatu nilikuwa nimemuuliza kwanza, kwa kupoteza muda tu, mkewe alileta nini kutoka Mwera, na mkia ukakaa kwenye asali. Mtu huyu hakuwahi kunitajia jina bila kuliangalia: je, huyu msikilizaji analijua tayari, au hili ndilo analolingojea? Mkia ulikwenda kwa kile kinachongojewa. Asipongojea mtu kitu, haukwenda popote.

Nilifurahi kwa muda wa dakika mbili hivi.

Kisha nikatazama sanduku. Kadi zilikuwa zimesimama kwa mpangilio mzuri usio na kosa, mwanamke pamoja na mwanamke, mbwa pamoja na mbwa. Hakuna kadi hata moja iliyoonyesha nini kilisemwa kabla yake. Maswali ya wateja, mazungumzo yangu ya kupoteza muda, hayo yote yalikuwa katika lile daftari chafu.

“Mama,” nikasema, “zile karatasi nilizokupa.”

“Zilikuwa nzuri sana,” akasema. “Zilishika moto upesi.”

Kesho yake nilikwenda dukani mapema, kabla fundi hajatandika mkeka. Nilimwamkia, nikamweleza, nikajilaumu kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alinisikiliza akiwa amesimama na fimbo yake ya kupigia sufi.

“Wiki tatu,” akasema. “Wiki tatu nakwambia nani kauliza, na wewe unaniona mbishi.”

“Nilikuona mbishi, mzee. Nisamehe.”

“Na maneno yangu umeyapanga kama vibiriti.”

“Ndivyo nilivyoagizwa.”

“Aliyekuagiza anakuja lini?”

Nikamwambia. Nikamwambia pia habari ya Pongwe, ingawa sikukusudia. Akafikiri kidogo, akaketi. “Lete sanduku lako,” akasema. “Mimi siku sizikumbuki. Lakini magodoro nayakumbuka.”

Nilidhani ananituliza. Lakini nilipomsomea kadi moja alifumba macho akauliza, “Hiyo tulikuwa na kitambaa cha mistari?” Sikujua. “Ilikuwa mistari. Godoro la yule bi harusi wa Chumbageni. Shangazi yake alikuja kupima, akasema jembamba. Ukaniuliza nani kamwambia jembamba. Ndipo nikakusemea hiyo ya mtoto kumwona nyoka.” Kisha akaisema tena, na mkia ukatua pale pale ulipokuwa kwenye kadi, kwa mtoto.

Ilikuwa kazi ya kukatisha tamaa. Godoro moja lilikuwa limemkalisha siku nne, na ndani ya siku hizo nne nilikuwa nimechukua kadi thelathini. Alikumbuka wateja waliosema uongo na waliorudisha mali, lakini waliochukua mto wakasema asante wote walikuwa wamemtoka. Tuligombana juu ya godoro la hospitali kwa asubuhi nzima. Mimi nilisema lilikuwa kabla ya mvua kubwa, yeye akasema baada. Mkewe alipita na kapu, akasema lilikuwa kabla, na fundi akamwambia aende zake, kisha akaniambia niandike kabla. Mara nyingine nilipomwona anaanza kubuni, kwa kunihurumia, nilimwomba aache, nikaiweka kadi pembeni. Za pembeni zikazidi. Kila usiku nilizihesabu, na kila usiku niliona baiskeli ya Pongwe inanikaribia.

Mwishowe nilikuwa na daftari jipya lenye sentensi sitini na moja, kila moja na swali lake juu yake na godoro lake pembeni. Sitini na moja kati ya mia mbili.

Mwalimu wangu alifika mchana, meli ikiwa bandarini tayari. Alikuwa na saa mbili tu. Nilimpeleka dukani, akainama kupita mlangoni.

“Karibu, bwana,” fundi akasema. “Kaa popote. Hilo usilikalie, lina mwenyewe.”

Akakaa juu ya gunia la sufi, akazama mpaka magoti yakamfikia kifuani. Nikampa sanduku. Aliipenda kazi ya mkono wangu, nikaona hilo. Alipitisha kidole juu ya kadi kama mtu anayepiga kinanda, akatoa kadi tatu za asali, akaziweka sambamba. Akakunja uso.

“Msemaji hana uhakika,” akaniambia kwa Kiingereza. “Amekaa mbali na kwao miaka mingi. Ameanza kuisahau. Si kosa lako. Andika tu kwamba mwisho wa majina unatofautiana bila utaratibu, tuendelee.”

Alitamka hayo kwa upole kabisa. Na mimi, nakiri, nilisimama pale nikiyapima. Nikisema ndiyo, sanduku limempendeza, nafasi ni yangu, na hakuna atakayekuja kujua isipokuwa mimi. Nikisema siyo, itabidi nieleze habari ya daftari, na mtu aliyechoma daftari lake la utafiti hawezi kukabidhiwa hata furushi la kadi tupu. Niliwazia pia kwamba labda yeye ndiye anayesema kweli. Yeye ana vitabu. Mimi nina nazi ya mama.

“Anasemaje?” fundi akauliza.

Ningeweza kumwambia chochote. “Anasema umeisahau lugha ya kwenu,” nikasema.

Sindano ikasimama kitambaani. Fundi hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. “Mwambie aniulize,” akasema.

Nikamwambia mwalimu. Akachukua kadi na kwa Kiswahili chake cha taratibu akasoma: “Sema: mwanamke alinunua asali.”

“Nani kauliza?” fundi akasema.

Mwalimu akanitazama mimi.

Nilikuwa nimejifunza maswali mawili tu katika lugha ile. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi chooni ili mama asinisikie. Nikamwuliza fundi, kwa lugha ya kwao na kwa matamshi yaliyomfanya ang'ate midomo asicheke: nani alinunua asali? Akanijibu mara moja, sentensi ile ile nzima, na mkia ukawa kwa mwanamke. Nikamwuliza: mwanamke alinunua nini? Akajibu tena, maneno ni yale yale, na mkia umehama.

Mwalimu akaomba nirudie. Nikarudia. Akajaribu kuuliza mwenyewe, vibaya kuliko mimi, na fundi akamjibu naye, taratibu, kama anavyojibiwa mteja anayeanza kuelewa bei ya kitu. Wakaendelea hivyo kwa nyoka, kwa mbwa, kwa mfalme. Mwalimu alijaribu kunyanyuka kutoka kwenye gunia, akashindwa, akaacha.

“Kadi hazionyeshi swali,” akasema mwishowe.

“Hazionyeshi, bwana.”

“Daftari ulilochukulia liko wapi?”

Nikavuta pumzi. “Niliona chafu. Nikampa mama, akawashia mkaa.”

Akazirudisha zile kadi tatu za asali sandukuni. Nje mtu aligonga kengele ya baiskeli, na nilidhani ile kengele inaniita. Kisha nikatoa daftari jipya kutoka chini ya shati, ambako nilikuwa nimeliweka kwa sababu ambayo siijui hata leo, nikampa. Akasoma ukurasa wa kwanza. Nilijua kilichoandikwa: godoro la bi harusi, kitambaa cha mistari, shangazi kasema jembamba. Alisoma ukurasa wa pili, wa tatu. Akakohoa.

“Ni sitini na moja tu,” nikasema. “Na saba kati ya hizo sina uhakika nazo. Nane.”

“Hili nalichukua,” akasema. “Lile sanduku sina haja nalo. Utaanza upya, kutoka sentensi ya kwanza, na kila moja na swali lake. Nitakuandikia barua ya kazi ya mwaka mmoja. Na usichome kitu.”

Ningepaswa kufurahi. Nilichofikiria ni sentensi ya kwanza, na baada yake nyingine mia moja tisini na tisa, na wateja wote wa Ngamiani wakinitazama tena kwa huruma. Nilimfasiria fundi.

“Tangu mwanzo?” akasema.

“Tangu mwanzo, mzee.”

Akaichomoa sindano kitambaani. “Basi uje na maswali. Orodha uiache kwenu.”

Mwalimu akapanda meli na daftari langu. Sanduku likabaki dukani, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kulibeba kurudi nalo. Fundi, ambaye hatupi kitu, akaanza kuandika majina ya wateja na vipimo nyuma ya zile kadi, na kuzibandika kwa pini kwenye magodoro. Hivyo maneno yangu yakatoka kwenye alfabeti na kwenda nyumba za watu.

Mto wa kulalia wa mama ulirudi kutoka kwa fundi mwezi uliofuata umejazwa upya. Mama akaitoa kadi, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho kama anavyofanya akisoma, na akasoma kile Kiswahili nilichoandika juu kwa mwandiko wa shule.

“Mwanamke alinunua asali,” akasema. Akanitazama kwa makini. “Mwanamke gani?”

Nikaenda kutafuta penseli.